Siku Spika Yetu Ilipotutukana

Niliacha kupiga kinanda cha mdomo siku meno yangu ya bandia yalipoanza kupiga wimbo wake yenyewe. Ilikuwa harusini, Ilemela, mbele ya maharusi na kamati nzima. Nilivuta pumzi kwenye tundu la nne, meno ya juu yakafuata pumzi, yakagonga bati la kinanda, ka-ka-ka, na mshereheshaji akadhani ni mbwembwe. "Mpigieni makofi bibi!" akasema. Wakapiga. Nikameza aibu, nikamshukuru Mungu kwamba sikumeza na meno, na kesho yake nikawaambia wanangu kuwa imetosha.

Sasa ninyi vijana mnakuja hapa kwangu Kiseke, mnapanda mawe mpaka barazani mnahema, mnasema, "Shikamoo bibi Perusi, tufundishe hamonika." Marahaba. Mnatoa simu kunirekodi kabla sijavaa hata hayo meno. Nimechoka kurudia mambo yaleyale kwa kila anayekuja, ndiyo maana nimekaa nikayaandika. Msitafute mpangilio wa miaka humu, kwa sababu kichwa changu hakina kalenda. Ila kipo kisa kimoja ambacho sitaki kuondoka nacho duniani. Ni cha siku mguu wangu wa kulia ulipokaribia kumwacha mzee Ndalahwa, mtu aliyenifundisha kazi hii, bila mchezaji hata mmoja. Nitafika huko. Kwanza tuongee usafi.

Ukila dagaa, usiguse kinanda. Ndani ya kile kidude kuna vilimi vya shaba vyembamba, na gamba moja la samaki likikaa juu ya ulimi, sauti inakufa palepale. Mimi ni Mjita, binti wa mvuvi, nimekula samaki kabla sijaota jino, kwa hiyo somo hili nililipata kwa uchungu. Tulikuwa kwenye baa moja pale Mabatini. Mwimbaji amefumba macho, anamlilia mpenzi wake aliyemwacha, ananipa nafasi nimjibu kwa huzuni. Nikapuliza. Ikatoka "kwiii", kama kifaranga kimekanyagwa. Baa nzima ikacheka, na mwimbaji akakataa kuongea na mimi mpaka mwezi ukaandama. Sukutua mdomo, kunywa maji ya uvuguvugu, subiri, ndipo upige.

Na msikiloweke majini. Wapo watakaowaambia kwamba kikilowa sauti inalainika. Ni kweli, inalainika siku hiyo. Kesho yake ule mti wa ndani umevimba, umetoa kingo, na midomo yako inachanika kama umebusu msumeno. Makovu ninayo, anayetaka kuyaona aje na miwani.

Jambo jingine ambalo hakuna anayewaambia ni kwamba kinanda kimoja kina kii moja tu, yaani ngazi moja ya sauti. Mwimbaji akipanda, kinanda hakipandi naye, inabidi utoe kingine. Nilishonesha aproni yenye mifuko mingi, kila mfuko na kinanda chake. Fundi cherehani aliniuliza kama nauza karanga za kukaanga au mbichi. Lakini aproni ile ndiyo iliyonilisha, maana waimbaji wa baa huwa hawakai mahali pamoja. Anaanza wimbo chini, anafika kwenye chupa ya pili amepanda kidogo, ya tatu yuko juu ya paa, na wewe huku unapapasa mifuko ukimfukuzia. Usimsahihishe mlevi mbele ya watu. Mfuate tu, huko huko aliko. Hicho ndicho mnachokiita jemu, kupiga pamoja bila kujipanga, na kukivalia miwani ya jua. Jemu ni kuvumiliana hadharani, basi.

Aliyenifundisha kuvumilia ni mzee Ndalahwa. Yeye ni Msukuma, mkulima wa upande wa Magu, na alikuwa manju, yaani kiongozi wa kundi la ngoma: ndiye mtunzi, mwimbaji, kocha na mgombezaji. Alinikuta mnadani nikiwa msichana, napuliza kinanda pembeni ya dagaa wa mama ili watu wasogee. Akasimama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjita, hapo unawaita wateja au unawafukuza?" Nilimjibu vibaya, kama ilivyo kawaida yangu. Akacheka, akamwomba mama anichukue kwa msimu mmoja.

Msimu wenyewe huja baada ya mavuno. Kama umekulia mjini huenda hujawahi kuona, kwa hiyo nieleze. Makundi mawili ya ngoma yanakutana uwanja mmoja, moja upande huu, jingine upande ule, na yanapiga kwa wakati mmoja. Hakuna kupokezana. Umati uko katikati, na kila mtu anakwenda kule anakovutwa. Jua likielekea kushuka wazee wanatazama watu wamejaa wapi, na huko ndiko kwenye ushindi. Kwa hiyo utavuta watu kwa kila ulichonacho: wimbo, njuga, majembe ya kurusha hewani, fisi aliyefugwa, dawa. Na utamtukana manju mwenzako kwa nyimbo, kwa jina lake, na yeye atakutukana, na hakuna anayekwenda polisi.

Msimu ule wa kwanza Ndalahwa hakuniruhusu kupuliza hata sauti moja. Alinisimamisha katikati ya umati, akaniambia niangalie miguu ya watu. Nilidhani amerukwa na akili. "Mtu akikuchoka," alisema, "hageuzi kichwa, anaona haya. Anageuza vidole vya miguu kwanza. Ukiona vidole vimeelekea kwa mwenzako, badilisha wimbo hapo hapo." Nimepiga baa, harusi, misiba, kampeni na ufunguzi wa maduka ya simu, na mpaka leo naangalia vidole. Ninyi mnaangalia idadi ya waliopenda kwenye simu, wakati mtu mwenyewe ameshaondoka.

Kuhusu kurekodi nina malalamiko. Studio yangu ya kwanza ilikuwa Ilemela, chumba cha uani, kuta zimefunikwa mablanketi, na juu ya paa ndiyo njia ya ndege za kwenda uwanjani. Prodyuza alikuwa kijana mpole anaitwa Deo. Tulirekodi kati ya ndege na ndege. Nikifika tu pale penye utamu, ndege inashuka, Deo anainua mkono, tunaanza upya. Tulipomaliza akanisikilizisha kwa fahari. Wimbo ulikuwa safi mno.

"Deo," nikamwambia, "mbona kama aliyepiga ameshafariki?"

"Mama, nimekata pumzi zako zote," akasema. "Zilikuwa zinaleta kelele."

Nikamwambia azirudishe moja moja, zote, hata zile za kukohoa. Kinanda hiki unapuliza na unavuta, na huko kwenye kuvuta ndiko kuna utamu. Ukiondoa pumzi unabaki na bati. Alizirudisha huku amenuna, na wimbo ule ukapigwa redioni, na watu wakamsifu Deo kwa ubunifu. Vijana wana bahati.

Deo huyo huyo ndiye aliyeniingiza kwenye lupu. Ni kidude cha kukanyaga kwa mguu, kina taa nyekundu. Ukikanyaga mara moja kinaanza kunasa kila kinachoingia kwenye maikrofoni. Ukikanyaga tena kinarudia ulichonasa, hakichoki wala hakiombi maji. Ukikanyaga tena kinanasa safu nyingine juu ya ile ya kwanza, na nyingine, na nyingine. Kukisimamisha ni lazima ukanyage mara mbili harakaharaka. Kufuta, unakandamiza mpaka taa izime. Hapo kwenye mara mbili harakaharaka mpashike vizuri, kwa sababu mimi ndipo nilipoteleza.

Siku ya kwanza kukijaribia nyumbani nilinasa mdundo mzuri wa kiganja kwenye meza, kumbe kimenasa na jirani yangu akimgombeza mumewe dirishani. Kikarudia. "Mvivu wewe! Mvivu wewe! Mvivu wewe!" Mume akatoka nje, akaniamkia vizuri tu, akasema, "Mama Perusi, nilisikia mara ya kwanza." Niliomba radhi, lakini ule mdundo niliutumia.

Baada ya muda nikakizoea. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, bibi mmoja mwenye aproni, nanasa mdundo, juu yake sauti nene, juu yake sauti ya kati, halafu nacheza juu ya vyote. Watu wakipita nje wanadhani kuna bendi. Nami nikaanza kujiona bendi.

Ndipo Ndalahwa akaja Kiseke. Alikuwa amezeeka, koti limemzidi mabega, lakini mdomo ulikuwa bado mzima. Akakaa barazani, akapiga kite kwa kupanda mawe yangu, akanywa chai yote kisha akaongea.

"Mjita, Makoye ananimaliza."

Makoye nilimjua. Alikuwa mwanafunzi wake tangu hajui kuvaa viatu, na hakuna sauti niliyopata kuisikia upande wa Magu iliyoizidi yake. Alipokomaa alitoka, akaanzisha kundi lake mwenyewe, jambo ambalo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba alimshinda mwalimu wake misimu miwili mfululizo.

"Ana chatu," Ndalahwa akasema. "Mchezaji wake mmoja anamvaa shingoni. Watu wote wanakwenda kumtazama chatu. Chatu hajui hata mdundo!"

"Na vijana wako?"

"Wameniletea Masele, ndiye msemaji wao. Kanikalia mbele, kaniambia kwa adabu kabisa: mzee, tukishindwa na msimu huu, sisi tunavuka kwenda kwa Makoye. Wote, Mjita. Nitabaki na ngoma na majembe ukutani, nikiyahesabu." Akaweka kikombe chini. "Nasikia una redio inayokuzidisha. Mtu mmoja unakuwa wengi. Njoo nayo."

Sikumwacha amalize. Yule mzee alinitoa kwenye dagaa akanipa kazi, mnataka nimjibu nini? Nikafunga vinanda vyangu, lupu na betri ya gari ya kuendeshea, nikaazima spika kubwa za Deo, nikaenda Magu.

Asubuhi ya mashindano tulifika uwanjani mapema kuchagua upande. Hili nalo ni la kujifunza. Ndalahwa aliokota vumbi, akaliachia, akatazama linapokwenda. Upepo ulitoka nchi kavu kwenda ziwani. Akachagua upande ambao upepo unatupiga mgongoni, ili ubebe sauti yetu kupeleka kwa watu, na ya Makoye imrudie mwenyewe puani. Akaridhika. Kisha akatoa dawa kwenye pembe akaanza kuipaka spika ya Deo. Mimi naimba kwaya kila Jumapili, nikageuza uso nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Ndalahwa ni mtu wa ng'ombe na mtama, hana lawama. Mimi nimezaliwa ufukweni. Baba yangu aliondoka na upepo wa nchi kavu alfajiri na kurudi na upepo wa ziwa mchana, kila siku ya maisha yake. Mtoto yeyote wa Majita anajua kwamba jua likiwaka upepo unageuka. Na mimi nilisimama pale na aproni yangu, bendi nzima, nikamwambia mzee, "Hapo hapo, mahali ni pazuri."

Mwanzo tulikwenda vizuri. Vijana walirusha majembe, njuga zikalia, watu wakaja kushangaa bibi anayejibizana na nafsi yake. Nikaona vidole vinaelekea kwetu. Lakini Makoye akamtoa chatu, na nusu ya watu wakahama. Akaanzisha wimbo. Tuliuona midomoni mwao tu, maneno hatuyasikii kwa kelele za ngoma zetu. Nikamwona Masele anafuta jasho na kutazama upande ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndalahwa naye alimwona.

Nikaamua kufanya jambo kubwa. Nilitaka kunasa ngoma zetu zenyewe, ziwe msingi, nijenge juu yake. Nikaitoa maikrofoni mdomoni, nikaielekeza mbele kwa wapigaji, nikawapa ishara kwamba nikinyoosha mkono waanze. Wakanyamaza wakanisubiri. Nikakanyaga kwanza, nikanyoosha mkono baadaye. Katikati ya hapo, upepo ulikuwa umeshageuka zamani, unatoka ziwani na mimi sina habari, na katika kile kimya sauti ya Makoye na kundi lake lote ikaja imetandazwa juu ya uwanja, ikaingia kwenye maikrofoni yangu bila kubisha hodi.

Nikakanyaga tena. Spika za Deo zikafungua kinywa. Waliimba Kisukuma, nawatafsiria:

"Nda... jembe limemkataa, sasa analilalia kama mto!"

Uwanja mzima ulisikia. Kisha ikarudia. "Nda... jembe limemkataa, sasa analilalia kama mto!" Spika yetu, betri yetu, dawa yetu, inamtukana mzee wetu. Nikakanyaga kuzima. Lakini ndala ikateleza, nikakanyaga mara moja badala ya mara mbili, na kidude kikanasa safu nyingine. Sasa walikuwa wanamtukana kwa sauti mbili. Nikakanyaga tena. Tatu. Nilichokuwa natunga pale kilikuwa kwaya.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Masele alishika kichwa. Mimi machozi yalinitoka, nasema kweli, kwa sababu niliona kabisa vijana wanavua njuga na mzee anarudi nyumbani peke yake, na mwenye kosa ni mimi niliyekuja kumwokoa. Ndalahwa akanijia na jembe mkononi. Nikafumba macho.

"Usizime," akasema.

Akaenda katikati ya uwanja. Akaliweka jembe chini, akalipigapiga kama mtu anayenyoosha mto, akalala ubavu, akaegesha kichwa juu yake, na akaanza kukoroma kufuata mdundo. Kila ikifika "analilalia kama mto", anajigeuza upande wa pili. Mtu mzima na mvi zake! Halafu akaruka akasimama, akalirusha jembe juu, akalidaka, akaanza kucheza tusi lake mwenyewe. Masele akatazama, akacheka, akaingia. Wote wakaingia.

Umati ulikuja mbio. Na huko ng'ambo mambo yaliharibika, kwa sababu wachezaji wa Makoye walikuwa wanasikia wimbo wao ukiwarudia umechelewa kidogo, mguu unafuata ngoma, sikio linafuata spika, njuga zikawa zinalia hovyo. Mwishoni alikuja kututazama hata yule mwenye chatu, na chatu mwenyewe shingoni. Wazee hawakuwa na kazi ya kuamua. Vijana wakanibeba juu pamoja na spika, wakisema dawa ya mzee ni kali. Sikubisha.

Tulilala kwa Ndalahwa. Asubuhi, tunakunywa uji uani, Makoye akaingia. Watu wa makundi pinzani hawatembeleani wakati wa msimu, kwa hiyo nilijua hakuja kusalimia.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mzee, mmeimba wimbo wangu. Sheria unaijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Wimbo wa mtu hauibwi."

"Mimi sijaimba," Ndalahwa akasema. "Imeimba spika."

"Ulikuwa mguu wangu, baba," nikamwambia Makoye. "Ni mbaya, lakini si mwizi."

"Basi naomba ufute, mama. Mbele yangu."

Ilikuwa haki yake. Nikaunganisha betri, nikaweka mguu juu ya kidude. Ndalahwa akainua mkono, akasema tusikie kwanza. Nikakiwasha. Wimbo ukatoka, ule wa sauti nyingi, na Makoye akasimama akiusikiliza na uso umemwiva. Sidhani kama aliwahi kujisikia akiimba. Mzee aliinamisha kichwa, akasikiliza ukirudia, na ukarudia tena.

"Zima," akasema. Safari hii nilikanyaga mara mbili vizuri kabisa. "Makoye, huyu mtu aliyekataliwa na jembe anaitwa nani?"

Makoye akakitazama kidude badala ya mzee.

"Nakuuliza kazi, sikuulizi ugomvi. Nasikia 'Nda', halafu basi. Jina umelimeza. Mtu ametembea kutoka mbali, anataka kujua ni nani huyo mzembe, wewe unamnong'oneza?"

Makoye alitazama chini. "Niliona vibaya kulitaja lote, mzee."

Pale Ndalahwa aliusogeza uji wake pembeni. Nilitamani kuangalia pembeni, lakini mimi ni mbea, nikaangalia.

"Ukimwonea mtu haya, usimtukane," akasema. "Ukiamua kumtukana, mtukane afike. Imba."

"Hapa?"

"Hapa. Kwangu."

Na Makoye akaimba, uani kwa mwalimu wake, karibu na sufuria ya uji. Mara ya kwanza jina lilikwama. Mzee akapiga goti lake kwa kiganja, rudia. Mara ya pili likatoka lote, Ndalahwa, likapita juu ya ua, na jirani mmoja akaitika akidhani mzee anaitwa na wageni.

"Haya, sasa limekaa," mzee akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwakani nitukane hivyo hivyo."

Nikakandamiza kidude mpaka taa ikazima. Makoye akaaga kwa adabu, akakataa uji, akaondoka.

Msimu uliofuata Ndalahwa aliniambia nije na vinanda tu, redio niiache kwa Deo. Nilimshauri vinginevyo, nikamwambia asisahau onyo la Masele na wenzake. Akasema anataka kusikia wimbo, hataki kuuiba. Nikaenda na aproni yangu. Makoye alitukana kwa ufasaha wa ajabu. Jina la mzee lilisikika mpaka barabarani, wapita njia wakaegesha baiskeli. Tulishindwa vibaya sana, na kwa haki, na mzee alikuwa amesimama pale akitikisa kichwa kwa utamu wa wimbo.

Kisha nikawaona vijana wanavua njuga. Masele mbele, wenzake nyuma, wakaanza kuvuka uwanja. Mzee aliwatazama tu, amelishika jembe lake, hakuwaita. Mimi nilishindwa kuvumilia. Niliwafuata na mifuko yangu ikigongana, nikiwatukana bila wimbo wala mdundo, kwa Kijita ili wasielewe, nikafika nao mpaka mbele ya Makoye.

"Mnakwenda wapi?" Makoye akawauliza.

"Tumekuja kwako," Masele akasema. "Tunataka kucheza na anayeshinda."

Makoye akatazama ng'ambo, kule alikosimama mzee na jembe.

"Mimi nilitoka kwa yule nimeiva," akasema. "Ninyi bado wabichi. Rudini."

Wakasimama, wakatazamana, wakarudi. Masele ndiye aliyetangulia, njuga mkononi. Mzee alimwonyesha tu kwa kidevu mahali pa kusimama.